Yupo

Sahani ya bati ndiyo iliyonileta Arua mjini,
ile ambayo bibi aliitumia kulishia kuku.
Nyuma yake pamekwaruzwa kwa ncha ya msumari:
saba, mbili, mbili, sifuri, tisa.
Nyumbani Maracha hatuna picha ya Drani.
Tuna sahani, na kaburi lisilo na mtu.

Bohari la wilaya linanuka popo na wino.
Bi Hadija Marajan, binti wa askari, mjukuu wa askari,
anaongea Kinubi na simu, Kiswahili na mimi,
ananishushia madaftari matatu ya Keya
na kunionya: “Jina usilitafute, mwanangu.
Karani alikuwa mgeni, na jua lilikuwa kali.
Majina yaliingia sikioni mwake uchi
yakatoka yamevaa sare. Fuata namba.”

Nafuata namba kwa ukucha,
ukurasa baada ya ukurasa, vumbi likinipaliza.
Drani (dra, kwetu, ni kifo;
mama yake alikwisha zika watatu kabla yake)
ameandikwa Tirani. Kabila: Mlugwari.
Urefu: futi tano, inchi kumi.
Alama ya mwili: kovu, goti la kushoto.
Kovu! Hakuna aliyewahi kunitajia kovu.

Foleni, neno hili tunalosimama nalo
benki, kliniki, kwenye bomba la maji,
lilitembea kwanza katika vumbi la kambi,
makuruta wakilinganisha visigino alfajiri,
afande akiita, wao wakiitika,
kila itiko mkwaruzo mmoja mfupi wa kalamu.
Januari, yupo.
Februari, Mombasa, ndani ya meli, yupo.
Machi, hospitali, tumbo.
Aprili, Bama, mvua, yupo tena.

Hapa ndipo nilipokaa chini sakafuni.
Mwezi wa Mei mwaka uleule, kwetu, walimlilia.
Habari ililetwa kwamba amekufa.
Fahali mwekundu alichinjwa, ngoma zikakesha,
na mkewe, Ayikoru, akarithiwa kwa desturi
na mdogo wa marehemu, Ezati,
ambaye ni babu yake baba yangu.
Mei, daftari linasema: yupo.
Juni, yupo.
Agosti ameongezewa senti kumi kwa kulenga shabaha.

Ukurasa wa nyuma una safu ya posho:
shilingi tisa kila mwezi, zimfikie mke.
Ayikoru hakujua kusoma, lakini hakuwa bubu;
mpaka anaingia udongoni alisema
hajawahi kushika hata senti ya vita.
Na pale panapotakiwa alama ya mpokeaji
pana dole gumba. Pana. La mwanamume.
Mara kumi na saba, dole lilelile,
lina mpasuko katikati kama njia ya ng’ombe.

Baba hupenda kutusimulia
jinsi panga lilivyompasua Ezati dole
akichonga mpini wa jembe, naye hakulia.
Tulikua tukilisifu lile dole.

Bi Hadija ameleta chai ya tangawizi.
Ameangalia, amefunga kilemba upya,
hakusema neno. Nadhani ameshaona wengi
wanaokuja kutafuta askari
wakaondoka na mtu wa nyumbani.

Kuanzia Oktoba, mchwa wamekula.
Kama alirudi, kama alisimama mpakani mwa shamba
akaona moshi wa jikoni kwake ukimpikia mwingine
akageuka na goti lake lenye kovu,
mchwa wanajua.

Nimeweka dole langu juu ya lile.
Wino wa zamani hauchafui. Nimejaribu.

Simu inaita. Baba anataka kujua
kama nimempata babu.

Yupi, namuuliza.